Kamera Ndogo ya Kwenda Nayo Kilwa Kisiwani

Likizo za Juni na Desemba zinapokaribia, baadhi ya familia zetu hupanga safari ya kusini kwenda kuyaona magofu ya Kilwa Kisiwani. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni takriban kilomita 300 za barabara. Kibali cha kuzuru huchukuliwa hapo Masoko, kisha chombo huvuka mkondo mwembamba wa bahari hadi kisiwani. Wanaojiandaa kwa safari hii aghalabu huuliza swali moja: tununue kamera gani ndogo, isiyotumaliza mfukoni, itakayotuletea picha za kuhifadhiwa?

Jibu la wauza maduka linajulikana. Watakuonyesha tarakimu kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, megapikseli 20 na ushei, na lenzi inayovuta kitu cha mbali mara 30. Mimi nasema Kilwa yenyewe iulizwe kwanza, maana mahali ndipo panapoamua chombo.

Chukua Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini, ambayo msingi wake ni wa karne ya 11, haina paa tena, na ukisimama humo kichwa chako kimo juani. Hatua chache tu kusini yake unaingia katika sehemu iliyoongezwa baadaye, ambayo ingali imefunikwa kwa kuba na matao ya mawe ya matumbawe na chokaa. Humo kuna utusitusi. Nguzo zimekaribiana, na nafasi ya kurudi nyuma ili upate tao zima katika picha ni finyu. Kamera ya bei ya chini yenye lenzi ya kuvuta mara 30 haina la kufanya hapo. Inahitajika lenzi pana, yenye tundu kubwa la kuingizia mwanga.

Upana huandikwa kwa milimita. Inayoanzia 28 inatosha, na ya 24 ni bora zaidi kwa vyumba vidogo. Tundu huandikwa kwa herufi f, na hapa hesabu huenda kinyume: namba ikiwa ndogo, mwanga ni mwingi. Lenzi ya f/2 hupitisha mwanga karibu maradufu ya ile ya f/2.8. Chini ya kuba za Kilwa, tofauti hiyo ndiyo hutenganisha picha iliyotulia na picha yenye ukungu wa mkono uliotikisika.

Nyuma ya lenzi kuna kile kipande kinachopokea mwanga, ambacho hapa tukiite kihisi. Kamera ndogo nyingi za bei nafuu zina kihisi cha takriban milimita 6.2 kwa 4.6. Sony RX100 ya kwanza, iliyotoka mwaka 2012, ina kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8, yaani eneo lake hukaribia mara nne ya hicho, na lenzi yake huanzia f/1.8. Baina ya hizo ipo Canon S95 ya mwaka 2010, yenye megapikseli 10 tu, lenzi ya kuanzia milimita 28, na f/2. Zote mbili leo hupatikana zikiwa zimetumika, nazo huingia katika mfuko wa kanzu bila kuonekana. Kwa mtazamo wangu, fedha za familia ya kawaida zikipelekwa kwenye kamera ya zamani ya daraja hilo zimepata mahali pazuri kuliko zikinunua mpya ya daraja la chini.

Wala wingi wa megapikseli usimtishe mtu. Canon wenyewe walipoitoa G10 mwaka 2008 waliipa megapikseli 14.7, na mwaka uliofuata G11 ikatoka na 10, ili picha za mwanga hafifu zitakate. Picha ya kuchapwa kwa ukubwa wa sentimita 20 kwa 25 inahitaji takriban megapikseli 7. Nalitaja hili la kuchapa kwa sababu ya mama yangu, ambaye magoti hayamruhusu tena kupanda chombo, na kioo cha simu humuumiza macho. Kilwa yake ni ile atakayoishika mkononi katika karatasi. Wazee wa namna hiyo wamo katika nyumba nyingi, na picha za likizo zinazoishia ndani ya simu hawazioni kamwe.

Je, simu haitoshi? Simu nzuri ya miaka hii hutosha kabisa nje, penye jua, na zile za bei kubwa hujitahidi hata gizani. Lakini simu ya kawaida ya baba wa watoto wanne, ambayo siku hiyohiyo inatakiwa kumpigia nahodha na kulipia nauli, haifai kumalizwa chaji kwa mapicha. Mwenye simu ya bei kubwa na asiye na nia ya kuchapa, abaki na fedha zake.

Jambo ambalo hakuna duka litakalokueleza ni la kibla. Kutoka Kilwa, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, ndiyo maana mihrabu ya Msikiti Mkuu iko upande huo. Mwezi Juni jua la adhuhuri nalo liko kaskazini, likimkabili anayeipiga picha mihrabu, huku mihrabu yenyewe ikibaki kivulini. Kamera isipoelekezwa itapima mwanga wa mbingu na kuigeuza mihrabu kuwa pango jeusi. Dawa yake ni kuikaribia hadi mbingu itoke katika picha, au kulenga kwenye mihrabu, kubonyeza kitufe nusu, kisha kupanga picha upya bila kukiachia. Mwezi Desemba jua hupita kusini kidogo ya utosi, na ukuta ule huangazwa.

Kununua kamera iliyotumika kunataka subira. Iwashe na kuizima mara kadhaa, usikilize kama lenzi hutoka bila mkwaruzo. Piga ukuta mweupe ukaangalie madoa, kwani vumbi lililoingia ndani ya kamera ndogo halitoki kwa kitambaa. Piga pia kona yenye giza dukani humo, ndiyo Kilwa yako ya majaribio. Chaja iwe ya kamera hiyohiyo, na betri iliyovimba ikatae hata ukipewa bure. Nenda na kadi yako ya kumbukumbu, maana kamera kongwe nyingi hazipokei kadi inayozidi GB 32, na GB 16 zinabeba maelfu ya picha.

Majini, kamera ikae ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa hadi miguu ikanyage nchi kavu. Chumvi na mchanga ndivyo viuavyo lenzi hizi zinazotoka na kuingia.

Kisiwani wanaishi watu. Wanawake walioko kazini mwao si sehemu ya magofu, na kuomba ruhusa kabla ya kuinua kamera ni adabu tunayopaswa kuwaonyesha watoto kwa vitendo. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu picha za viumbe wenye roho, na kila nyumba ina msimamo wake. Mihrabu na matao hayana ugomvi huo.

Mkiwa na nguvu, tembeeni hadi Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika mwaka 1331 na kumsifu kwa ukarimu. Birika lake la pembe nane, lenye kuta za mawe yaliyochongwa, ndilo picha niipendayo kuliko zote. Milimita 28 haziliingizi lote ukisimama ukingoni, basi rudi nyuma, au uchukue pembe tatu tu na kivuli chake. Usipande ukutani kutafuta kimo. Mawe hayo yameshavumilia vya kutosha, na magofu haya yalikaa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu mwaka 2004 hadi 2014.

Lenzi ya kuvuta mara tatu au nne itakufaa mara moja, wakati wa kurudi. Chombo kinapoondoka, geukeni mlitazame Gereza, ngome iliyo ufukweni, ambayo upande wake wa bahari umeliwa na mawimbi. Huo ndio upande wa kupigwa, kamera ikitolewa mfukoni kwa dakika hiyo tu kabla maji ya mkondo hayajaanza kurushwa ndani.