Tanga: Mgeni akiujua mtaa, mtaa nao humjua

TANGA haikosi wageni. Wengine hufika na mabasi ya Mombasa yaliyovuka mpaka wa Horohoro, wengine hushuka kituo cha Kange wakitokea Dar es Salaam au Moshi, na wengine huletwa na gari la ofisi hadi mlangoni mwa nyumba waliyopangiwa. Yupo kijana wa Kijerumani aliyekuja kujitolea shuleni, yupo Mganda aliyefuata kazi za bomba la mafuta, yupo Mkenya mwenye biashara ya nguo, na yupo mwanamke aliyeolewa na mwenyeji, ambaye sasa analetwa ukweni kwa mara ya kwanza.

Mji huu una msemo wake maarufu: waja leo, waondoka leo. Kila mzee ana namna yake ya kuufafanua. Lakini kwa mtu asiyeondoka leo, aliyekuja na masanduku yake na mkataba wa miaka miwili, swali huwa jingine kabisa. Ataujuaje mtaa anaoishi, na mtaa utamjuaje yeye?

Swali hilo laweza kuonekana dogo. Ni dogo mpaka usiku wa kwanza wa homa.

Mji wa waliokuja

Jambo la kwanza linalomfariji mgeni ni kwamba Tanga yenyewe ilikuzwa na wageni. Hata mkonge, zao lililoupa mkoa huu jina duniani, si wa hapa. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, asili yake ikiwa Mexico, na miche iliyonusurika safari ilikuwa 62 tu. Mwaka huohuo ndipo ilipoanza kujengwa reli kutoka Tanga kuelekea milima ya Usambara, ambayo ilifika Moshi mwaka 1911.

Mashamba yalihitaji watu. Wakaja vibarua kutoka bara, kutoka Burundi na Rwanda, na Wamakonde kutoka Msumbiji. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja aliandikishwa kwa namba. Bandarini na madukani walikuwapo Wahindi, Waarabu na Washihiri. Wajukuu wa watu hao leo ni Watanga kamili, na hakuna anayewauliza walitoka wapi.

Ugeni wa sasa una sura nyingine. Agosti 2017 liliwekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi huko Chongoleani, kaskazini mwa jiji. Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda, na tangu mradi uanze lafudhi za Kiganda zimekuwa zikisikika kwa mama lishe na kwenye nyumba za kupanga.

Mitaa ya namba

Anayefika Tanga kwa mara ya kwanza husaidiwa na reli. Upande wa bahari ya reli ndipo mjini, penye bandari, benki, mnara wa saa na majengo ya Wajerumani. Ukiendelea na barabara ya ufukweni kuelekea Raskazone unapita Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Upande wa pili wa reli ndiko Ngamiani, na kwingine kama Makorora, Mabawa na Chumbageni ndiko watu wengi wanakoishi.

Ngamiani imepangwa kwa mistari iliyonyooka, na barabara zake zinaitwa kwa namba: barabara ya nne, ya nane, ya kumi na mbili. Mgeni hufurahi, akadhani hapa hawezi kupotea. Hupotea. Nyumba zinafanana: kuta za rangi ya chokaa, paa la bati, baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Baiskeli imeegeshwa kila mlango, maana huu ni mji wa baiskeli.

Mwaka 2022 serikali iliendesha kazi ya anwani za makazi, na nyumba zikapata namba na mitaa mingi vibao. Hata hivyo dereva wa bajaji akipigiwa simu usiku haulizi namba. Anauliza: "Karibu na msikiti gani? Kwa nani hapo? Ni kabla ya duka la mangi au baada?" Mgeni anayejua namba ya nyumba yake lakini hajui jina la msikiti wa jirani wala la mwenye duka, hajajua bado anakoishi.

Ndiyo maana wiki ya kwanza inafaa itumike kwa miguu. Atembee asubuhi na jioni, jua likiwa limepoa. Ajue duka la dawa liko wapi na hufungwa saa ngapi, zahanati ya karibu ni ipi, na bajaji hulala wapi. Aende kwa mwenyekiti wa mtaa na nakala ya pasipoti na kibali chake, ajitambulishe. Wengi huona hilo ni jambo la makaratasi tu, kumbe mwenyekiti na mjumbe ndio wanaoulizwa kwanza mtu akipatwa na jambo.

Salamu ndiyo hodi

Mtaa wa pwani una macho mbele na nyuma. Mbele ni barazani, ambako wanaume hukaa jioni kwa kahawa na kashata. Nyuma ni uani, ambako wanawake hukuna nazi, hufua na kusukana. Mgeni mwanamume hupitia barazani, mgeni mwanamke huingilia uani. Kote kuwili mlango ni salamu.

Aliyezoea miji ya Ulaya hupita haraka akitazama chini, akiamini kutosumbua watu ndiyo adabu. Huku hueleweka vingine: anaringa, au ana jambo. Mzee aliyekaa barazani anastahili "shikamoo", na mgeni asubiri "marahaba" yake kabla ya kupita. Wa rika lake huulizwa habari za asubuhi, za nyumbani, za kazi. Majibu ni "nzuri" au "salama" hata kama mambo si mazuri, kisha ndipo shida husemwa.

Dukani nako kuna somo. Mkenya au Mganda aliyezoea kusema "nipe sukari" hushangaa muuza duka akinuna. Tanga husema "naomba sukari", ingawa fedha imo mkononi. Neno moja hilo humbadilisha mtu kutoka mpita njia akawa jirani.

Mavazi yana sauti pia. Kaptura fupi ya ufukweni haivaliwi kupita katikati ya Ngamiani, na mwanamke akijifunga khanga hapungukiwi kitu. Mwezi wa Ramadhani vibanda vingi vya chakula hufungwa mchana, na mgeni asiyefunga hula ndani kwa staha. Jioni mambo hugeuka: jirani aliyesalimiwa mwaka mzima huenda akagonga na sahani ya futari, muhogo wa nazi au tambi.

Saa na dawa

Lipo kosa moja la ugenini ambalo ni la afya moja kwa moja, nalo ni saa. Kwa Kiswahili siku huhesabiwa tangu jua kuchomoza. Saa mbili asubuhi ndiyo ile ambayo simu ya mgeni huiandika 8:00. Mganda hapati taabu, maana Kiganda nacho huhesabu hivyohivyo. Lakini anayetoka Ulaya au Asia akiambiwa kliniki "njoo saa mbili", huja saa nane mchana, daktari ameshamaliza.

Kwenye dawa kosa hilo huwa zito zaidi. Dawa ya mseto ya malaria kwa mtu mzima humezwa mara 6 kwa siku 3. Dozi ya pili hufuata saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni hadi iishe, na inafaa imezwe pamoja na chakula au maziwa ili ifanye kazi vizuri. Mgeni anayesikia "umeze tena saa nane" anaweza kudhani ni saa nane ya saa yake, au baada ya saa 8. Dawa ya kumuuliza mhudumu ni rahisi: amwandikie, au amuulize "asubuhi, mchana au usiku?" Na asiache dawa kwa kuwa homa imeshuka.

Usiku wa homa

Pwani ya Tanga ina joto na unyevu, na mbu hawamjui mgeni wala mwenyeji. Miili ndiyo inayotofautiana. Mtu aliyekulia nchi isiyo na malaria, au mji wa baridi wa nyanda za juu, hana kinga ambayo mkazi huipata kwa kuumwa mara kwa mara. Kwake homa ya leo yaweza kuwa malaria kali kesho kutwa. Mama mjamzito na mtoto mdogo wako hatarini zaidi.

Kwa hiyo kanuni ni fupi: alale ndani ya chandarua, na homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka cha tone la damu hutoa jibu kwa muda usiozidi nusu saa. Kumeza dawa bila kupima, kwa kuwa duka liko karibu, kunaweza kuuficha ugonjwa mwingine. Akizidiwa, akitapika kila anachomeza, akichanganyikiwa au akipata degedege, si wa duka la dawa tena, ni wa hospitali.

Hapa ndipo ujirani unapoonekana thamani yake. Nani atajua kwamba mtu anayeishi peke yake chumbani amezidiwa? Nani atamwita dereva wa bajaji kwa jina saa tisa usiku? Na akilazwa, nani atamletea uji? Katika hospitali zetu ndugu ndiye anayeleta chakula, anayefua shuka na anayekaa karibu ya kitanda. Mfumo mzima umejengwa juu ya kuwapo ndugu. Mgeni hana ndugu mjini, ana jirani tu, na jirani huyo hutengenezwa kwa salamu za miezi iliyopita.

Ugeni usioonekana

Wenyeji nao wana sehemu yao. Mzungu akihamia mtaani huonekana kabla ya kufungua begi. Watoto humwita, wauza samaki humpandishia bei, lakini pia wapo wa kumwangalia. Asipotoka siku mbili, mtu atauliza.

Mgeni aliye katika hatari zaidi ni yule asiyeonekana. Mrundi, Mganda au Mkongo hafanani na mgeni, hivyo hutarajiwa kujua kila kitu. Akikosea neno huchekwa. Kwa Mganda kucheka huko huumiza zaidi, maana kwao Kiswahili kwa miaka mingi kilisikika kama lugha ya askari, na wengi walikua wakikiogopa. Akishachekwa mara mbili hunyamaza, na mtu aliyenyamaza hashiriki baraza, hajui zahanati iliko, wala hasemi anapoumwa.

Vivyo hivyo kwa bi harusi kutoka nchi nyingine. Watu hudhani mume na mawifi watamweleza yote. Lakini siri za ujauzito, dalili za hatari, na siku ya kuanza kliniki ya mama na mtoto ni mambo ambayo wanawake hupeana uani, kwa lugha ya haraka na ya mafumbo. Akiwapo mmoja wa kumpunguzia mwendo na kumwambia "njoo mwanangu, kesho tunakwenda wote", mimba mbili zimelindwa: ile aliyonayo, na ile atakayoipata baadaye akiwa ameshajua njia.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mitaa ya Tanga methali hiyo inapaswa kugeuzwa pia isomwe upande wa pili, mgeni naye apone. Haihitaji fedha. Inahitaji kumjua jina, kumwonyesha duka la dawa, kuichukua namba yake ya simu na kumwachia ya kwako, na kutocheka lugha yake.

Wengi huuliza mgeni huacha lini kuwa mgeni. Si siku anapopata kibali, wala anapozijua barabara zote za Ngamiani kwa namba zake. Ni asubuhi ile anapofungua mlango na kumkuta bibi wa nyumba ya pili amesimama na bakuli la mbaazi, akimuuliza kwa sauti ya lawama: "Jana hatukukuona. Ulikuwa mgonjwa?"