Gari la mbio la mtumba: kikorokoro kipi ukilipie Japani, kipi ukiache

Sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata itakuja, msinitupie mawe. Leo nataka tuongee habari ya magari, na hasa kitu kimoja kinachowamalizia watu pesa wanapoagiza gari la mbio la mtumba kutoka Japani: vikorokoro. Navi, dirisha la paa, viti vya ngozi, breki kubwa, rimu pana. Kipi ukilipie kule kule, kipi uje ukifunge hapa Mombasa, na kipi ukikimbie hata ukipewa bure?

Mimi ni mwandishi wa programu, naishi Miritini, karibu na barabara kuu ya Nairobi kiasi kwamba najua saa kwa milio ya malori. Huku kwetu habari ya magari kutoka nje si ya kusomea gazetini. Meli zikishusha Kilindini, magari mengi huletwa kwenye yadi za forodha za huku bara, Changamwe na Miritini, yakisubiri kodi. Unakwenda dukani kununua mkate, unapishana na Subaru tatu zenye vumbi la baharini. Tamaa haikosi kuingia.

Nilikuwa na akiba ya miaka minne kwenye Sacco, pesa za vibarua vya usiku, tovuti za watu na mifumo ya maduka. Mama watoto alikubali kwa sharti moja: tuandike kikomo, na gari likipita kikomo hata kwa shilingi elfu kumi, pesa yote inahamia kwenye kiwanja. Bi Mkubwa yeye aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, gari la milango miwili litabeba nani tukienda mazikoni?" Nikamwambia Probox haiuzwi. Akanyamaza, lakini haikuwa kunyamaza kwa kukubali.

Nililotaka ni Toyota 86, kizazi cha kwanza, kilichotengenezwa kuanzia 2012 hadi 2021. Ni pacha wa Subaru BRZ: injini ya bapa ya Subaru ya cc 1998, haina tabo, na nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma. Kwa Mombasa hilo la Subaru si dogo, maana mafundi wanaoijua injini ya bapa wapo. Sasa, Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza. Nilianza kutafuta kwa dhati Agosti 2025, na magari niliyoyamudu yalikuwa ya 2018. Gari la 2018 lilitakiwa liwe limefika kabla 2025 haijaisha. Ukihesabu siku za mnada, za ukaguzi na za meli, hakukuwa na muda wa kupepesa macho.

Nikaanza kukusanya matangazo ya minada kwenye jedwali, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Magari mawili ya mwaka mmoja, modeli moja, kilomita zinazokaribiana, na bei hazifanani kabisa. Tofauti yote ni vikorokoro.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba Japani wana aina mbili. Kuna vinavyowekwa kiwandani gari likiwa bado kwenye mstari wa kuundwa, na kuna vinavyoongezwa baadaye na muuzaji. Sisi watu wa programu tunaielewa tofauti hiyo haraka. Kimoja kimo ndani ya kiini cha mfumo, kingine ni programu-jalizi: unachomeka, unachomoa, mfumo unaendelea. Navi ya Toyota mara nyingi ni ya muuzaji. Vivyo hivyo mazulia, taa za urembo na sketi nyingi za pembeni. Difu, giaboksi, breki na mifuko ya hewa ni vya kiini.

Jambo la pili ni kodi, na hapa naomba mnisikilize vizuri. KRA haiangalii ulilolipa mnadani. Ina orodha ya bei za rejareja za magari mapya, inachukua bei ya modeli yako, inapunguza uchakavu kulingana na umri, na kutoka hapo ndipo inapopata msingi wa hesabu. Juu yake unaweka ushuru wa forodha asilimia 35, halafu ushuru wa bidhaa asilimia 25 kwa petroli inayozidi cc 1500 (ikizidi cc 3000 hupanda hadi 35), halafu VAT asilimia 16, na ada mbili ndogo mwishoni. Kwa kuwa kila kodi inakaa juu ya mgongo wa mwenzake, jumla yake kwa gari kama 86 ni karibu asilimia 100. Yaani kila shilingi ya thamani ya forodha inazaa shilingi nyingine ya kodi.

Lakini itazame hiyo orodha kwa jicho la mtu wa hifadhidata. Ina safu ya modeli, namba ya modeli, ujazo wa injini, aina ya gia, mafuta. Haina safu ya dirisha la paa. Haina safu ya breki. Ukinunua 86 yenye breki kubwa za kiwandani unalipa kodi ile ile ya asiye nazo, bora namba ya modeli iwe ile ile. Ukizileta baadaye ndani ya boksi, zinakuja na nauli yake, kodi yake na mkono wa fundi. Nilipoona hivyo nikaongeza safu moja kwenye jedwali langu: nikitaka kukifunga kitu hiki Mombasa baadaye, kitanigharimu ngapi? Kama jibu ni dogo kuliko nyongeza ya bei kule mnadani, sikihesabu. Kama ni kubwa mara mbili, nakitafuta kwa tochi.

Tuanze na navi, maana ndiyo inayong'ara kwenye picha. Ina ramani ya Japani na inaongea Kijapani. Baadhi ya navi za Toyota betri ikitolewa hujifunga na kudai namba ya siri, na betri ya gari linalovuka bahari hutolewa au hufa. Redio yake nayo imetengenezwa kwa masafa ya kule, kuanzia 76 na kuishia 90, zile mpya 95. Baraka FM iko 95.5. Yaani unaikosa kwa nusu hatua! Kuna kifaa kidogo cha kuhamisha masafa, lakini sauti yake mimi hainiridhishi. Simu ikikaa kwenye kishikio cha mia tano inafanya kazi yote hiyo vizuri zaidi. Alama sifuri. Na kile kisomaji cha kadi ya barabara za kulipia za Japani, wacha kikae tu, kinajaza tundu.

Dirisha la paa: kwa 86 si suala, lakini kwa wale wanaotafuta aina nyingine, fikirini jua la Pwani na mvua ya masika. Mifereji yake ikiziba kwa vumbi, maji yanatafuta njia ya kuingia ndani. Alama yangu ni hasi.

Daraja la juu la 86 linaitwa GT Limited, lina viti vya ngozi na Alcantara vyenye kupashwa joto. Kupashwa joto, jamani, Miritini! Upande wa pili wa kichekesho hicho kulikuwa na daraja la RC, la mwanzo mwanzo, lililouzwa bila eisi kabisa kwa watu wa kwenda kulirekebisha wakimbie nalo uwanjani. Kwa umri hayaingii tena nchini, lakini ukikuta lililoingia zamani linauzwa kwa bei ya kuvutia, ulizia kwanza habari ya eisi. Foleni ya malori saa nane mchana si uwanja wa mbio.

Rimu pana na sketi za plastiki nilizipitia haraka. Gari hili lipo kama sentimita 13 kutoka ardhini likiwa vile vile lilivyotoka kiwandani. Anayelishusha zaidi hajawahi kukutana na matuta yetu. Spoila kubwa? Sheria yetu inaishia kilomita 110 kwa saa.

Gia nilizibishania na nafsi yangu kwa wiki nzima. Kuna otomatiki na kuna ya mkono, zote gia sita, na kwa gari la baada ya 2016 ya mkono ina nguvu kidogo zaidi, 207 dhidi ya 200. Kama ningekuwa navuka kisiwani kila asubuhi ningechukua otomatiki na wala nisingeona haya. Ila mimi nafanya kazi nyumbani, na giaboksi ni kiini cha kiini. Huwezi kuamua baadaye. Nikachukua ya mkono.

Basi yakabaki magari mawili. La kwanza lilikuwa GT jeupe, limejaa kila kitu cha kuonekana: navi kubwa, televisheni, rimu za inchi 18, sketi pande zote. La pili lilikuwa GT Limited la kijivu, halina mvuto wowote kwenye picha, ila lilikuwa na kile kifurushi cha kiwandani kilichotoka 2017: breki za Brembo, pistoni nne mbele na mbili nyuma, pamoja na shokabsoba za Sachs. Yote mawili yalikuwa na difu ya Torsen, ile isiyoliacha gurudumu moja kuzunguka bure kwenye utelezi, maana GT hutoka nayo kiwandani. Daraja la chini la G halitoki nayo hivi hivi, kwa hiyo nilikwisha kuliondoa. La kijivu lilitarajiwa kupanda kama yen laki mbili juu ya jeupe. Hiyo kwangu ilikuwa kugusa kikomo kwa ncha ya ukucha.

Nikaenda Jomvu kwa fundi wangu, mzee aliyeanza kazi enzi za Datsun, nikamwonyesha karatasi zote mbili kwenye simu. Akasema, "Bwana mdogo, hizo shokabsoba zisahau. Mpira na mafuta, miaka saba hiyo, wewe hesabu zimekufa. Breki ndiyo mali. Hiyo ukitaka kuifunga hapa utauza mbuzi wa harusi." Nikafuta alama za Sachs kwenye jedwali. Za Brembo zikabaki. Zina masharti yake lakini: rimu ndogo ya inchi 16 haiwezi kuzivuka, kwa hiyo usidhani utabana matumizi kwenye matairi, na pedi zake zina bei yake.

Kwa nini breki? Barabara ya kushuka kutoka Mazeras kuja huku, nyuma yako kuna lori la kontena, mbele matatu inasimama bila taarifa. Nguvu za ziada sijawahi kuzihitaji pale. Kusimama nimehitaji.

Karatasi ya mnada ndiyo iliyomaliza ubishi. Wengi wakiifungua wanakimbilia vile visanduku vya AW, SR, navi, TV, halafu gredi kubwa juu. Mimi nawashauri muanze na mchoro wa gari. A ni mkwaruzo, U ni kishimo, W ni mahali paliponyooshwa, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula, na namba inayofuata ni ukubwa wake. Gredi R maana yake gari lilipata ajali likatengenezwa, na kwa gari la mbio mimi R siigusi, hata iwe na kila kikorokoro duniani. Jeupe lilikuwa na W mbili, zote kona ya mbele kushoto, chini ya ile sketi nzuri. Haikuwa R. Lakini mtu aliyegonga kona kisha akanunua sketi ananipa mashaka. Kijivu lilikuwa na A1 nne, zimetawanyika, na gredi 4.

Mnada ulikuwa wa Alhamisi. Japani wametutangulia saa sita, kwa hiyo nilikaa na kahawa tangu saa kumi alfajiri. Wakala wangu nilimpa kiwango cha mwisho na nikamwambia asinipigie kuniomba niongeze. Zamu yake ilipofika, ilikuwa kitu cha sekunde chache: namba zikapanda, zikasimama yen elfu kumi na nne chini ya kiwango changu. Mama watoto alikuwa ameamka kuswali. Nikamwonyesha namba, akaichukua simu, akafungua kikokotoo akaijumlisha yote mwenyewe na nauli na kodi, mara mbili. Halafu akasema, "Haya. Kiwanja kitangoja."

Gari lilishuka Novemba. Navi haikuwemo, tundu lake limefunikwa kwa plastiki nyeusi, na viti vinapasha joto kama kawaida. Shokabsoba ya nyuma kulia inavuja. Mzee wa Jomvu alinitumia ujumbe wa neno moja: "Nilisema." Pedi nimeagiza jozi mbili kabisa. Bi Mkubwa amekwisha kupanda mara moja, kiti cha mbele, tukamtoa kwa kumshika mikono yote miwili, akasema eisi ni nzuri lakini mazikoni tutakwenda na Probox.