Uliza Tabora

Masika ya mwaka 1997 ilinikuta Magomeni Mapipa, nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, sina kazi isipokuwa kukinga maji ya mvua kwenye ndoo na kusikiliza cherehani ya mama. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa amekuja kutoka Tanga, naye anasubiri kama mimi. Ni yeye aliyelileta lile wazo. Tuizunguke nchi, alisema. Si kwenda mahali na kurudi. Kuizunguka, mwezi mzima na zaidi, sisi wawili.

Mama aliuliza bila kuinua macho kwenye kitambaa, "Huko kuna nani?"

Hakuna mtu.

"Nani kafa?"

Hakuna aliyekufa.

"Haya, mnakwenda kununua nini?"

Kwetu safari ilikuwa na mwenyewe: msiba, harusi, mgonjwa, uhamisho, mzigo wa biashara. Mtu hakupanda gari kwenda kutazama milima. Wazungu wenye mabegi mgongoni tulikuwa tukiwaona Mtaa wa Samora, wala hakuna aliyewauliza nani kafa, lakini wale ni Wazungu. Sisi tulijibu kwamba tunataka tu kuiona nchi, na mama akakanyaga cherehani kama hajasikia.

Tulianza hivyohivyo. Mdogo wangu alikuwa na atlasi ya shule isiyo na jalada, ambamo sentimita moja ilikuwa kilomita 50. Usiku, baada ya vyombo, tulikata uzi mwekundu wa mama, tukaulaza juu ya ramani, tukaukunja kila reli ilipokunja, mmoja akishika ncha ya Dar es Salaam kwa ukucha na mwenzake akivuta taratibu kuelekea magharibi: Morogoro, Dodoma, Tabora. Kisha tukauweka uzi kwenye rula. Kutoka Dar mpaka Kigoma tukapata sentimita 24. Tukaandika kwenye kauntabuku ya kwaya mbili: kilomita 1,200.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa mzee wa Kimanyema aliyestaafu kazi ya gadi wa treni. Mtaa mzima tulimwita Babu. Jioni moja tulimpelekea daftari letu barazani. Shikamoo, marahaba, akavaa miwani, akasoma, akacheka mpaka akakohoa.

"Reli ya Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,250. Hizo hamsini, wake zangu, mmemwachia nani? Mtazitembea kwa miguu?"

Tangu siku hiyo safari ikawa ya Babu. Kitu cha kwanza alichokifuta kilikuwa Kilimanjaro. Sisi tulipanga kuanza kaskazini, Lushoto, Moshi, Arusha, halafu tukate kwenda Mwanza. Akatuuliza tutakata vipi. Kwenye ramani ulikuwa uzi mfupi tu. Kwa kweli, miaka ile basi la kutoka Arusha kwenda Mwanza ama lilipita katikati ya hifadhi ya Serengeti, na abiria akalipia kiingilio cha hifadhi kama mtalii, ama lilizunguka Nairobi, yaani Mtanzania avuke mpaka mara mbili ili atoke mji mmoja wa nchi yake aende mwingine. "Na pesa yenu itaishia Arusha," alisema. "Anzeni na reli. Mlima hauhami."

Kitu cha pili kilikuwa kalenda. Sisi watu wa pwani tulijua vuli na masika, tukadhani nchi nzima inanyeshewa hivyo. Babu akatueleza kwamba ukishapita Dodoma hakuna vuli wala masika. Kuna mvua moja, inaanza Novemba, inakwenda mpaka Aprili, na ikikolea huko Rukwa lori linaweza kulala njiani siku tatu. Basi ni Juni au Julai. Lakini Julai Mbeya ni baridi, baridi ya kweli, si hii yenu ya kujifunika kanga. Jumamosi ile tukaenda Manzese, kwenye mitumba, tukachagua makoti mawili ya sufu katika jua la saa saba, jasho likitutiririka, na muuzaji akatuuliza tunahamia Ulaya lini.

Sehemu iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa safu moja katika daftari, tuliyoipa jina "Kufikia". Gesti zilikuwepo kila mji, ila wasichana wawili kulala gesti ni jambo ambalo mama asingelisikiliza hata nusu. Kwa hiyo kila mji ulihitaji mtu. Mwanza alikuwepo shoga yake mama, Kirumba. Ujiji, dada yake Babu. Mbeya, mwalimu aliyewahi kunifundisha. Tuliandika barua, nyingine kwa posta kupitia shule au zahanati, nyingine tukawapa madereva wa malori, tukasubiri majibu wiki kwa wiki. Sumbawanga hatukuwa na mtu. Nafasi ile ilibaki na alama ya kuuliza, na mama, aliyedai hataki kujua mambo yetu, kila akipita alichungulia kama imejazwa.

Alikuwa na sharti moja: hakuna kupanda meli. Mei 21 ya mwaka uliotangulia MV Bukoba ilikuwa imezama karibu na Mwanza, ikiwa na mamia ya watu, na nyumba nyingi za mtaani kwetu bado zilizungumza kwa sauti ya chini ziwa likitajwa. Sisi tulitaka kushuka Ziwa Tanganyika kwa meli ya Liemba, kutoka Kigoma mpaka Kasanga. Ni ziwa la pili duniani kwa kina, mita 1,470, na mdogo wangu alifanya kosa la kuisoma namba hiyo kwa sauti.

Babu ndiye aliyekuja kutusemea. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaipokea chai, akaanza tangu Ujerumani: meli iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikafungwa kwenye makasha, ikaletwa Dar es Salaam, ikapanda reli (hapo alinyoosha mgongo kidogo) mpaka Kigoma, ikaungwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isitekwe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. "Sasa, mwanangu," akamwambia mama, "meli iliyokwisha kuzama haizami tena."

Hoja hiyo siwezi kuitetea mpaka leo. Mama alimtazama kwa muda, akasema, "Basi hiyo moja tu."

Hatukuondoka mwaka ule. Julai ilikuja barua kutoka Ujiji, mwandiko wa mtoto wa shule akiandika kwa niaba ya bibi yake: Liemba haichukui abiria, inarudisha wakimbizi. Mobutu wa Zaire alikuwa ameanguka Mei, na Umoja wa Mataifa ulikuwa umeichukua meli kuwarudisha watu kwao. Hatimaye ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikabeba zaidi ya watu 75,000. Tuliona aibu kulalamika. Tukasogeza safari mpaka Oktoba, Babu akitikisa kichwa, na Oktoba ikaja mvua ya Elnino, ambayo haikuuliza wapi ni pwani na wapi ni bara. Makoti yakashika ukungu sandukuni. Tuliyaanika Februari, tukayaanika tena Aprili.

Juni 1998 tulikata tiketi, daraja la pili, chumba cha vitanda sita cha wanawake. Siku mbili kabla, mama alinyang'anya magauni yetu, akashonea mifuko upande wa ndani, chini ya kiuno, kwa ule uzi mwekundu. Mkono wake ulikuwa mwepesi kila siku; siku ile alishona polepole, akafumua, akarudia. Babu alitupa orodha ya mdomo: kuku tununue Saranda, asali tusinunue wakati wa kwenda, na mizigo isilale dirishani stesheni za usiku. Kisha akafungua daftari kwenye ukurasa wa Kigoma, ambapo tulikuwa tumeandika siku ya Liemba kuondoka, akaifuta kwa kidole kana kwamba wino ungetoka.

"Hapa msiandike siku. Andikeni: uliza Tabora. Watu wa reli wa Tabora ndio wanaojua kama meli itaisubiri treni."

Tukaandika. Tukaenda Mwanza, tukakaa siku sita Kirumba tukila sato mpaka tukaona haya, tukarudi kwa reli mpaka Tabora kubadilisha treni. Tulishuka usiku, baridi ya bara ikatuvaa, tukayavaa makoti yetu kwa mara ya kwanza. Wauza asali walikuwa wamewasha vibatari chini ya ukuta. Tulimtafuta stesheni masta, tukampa shikamoo, mdogo wangu akafungua daftari pale lilipoandikwa, akamuuliza Liemba inaondoka lini.

Alitutazama, akatazama makoti, akatazama daftari.

"Liemba? Hilo, mabinti, waulizeni Kigoma."

Mdogo wangu akachutama karibu na kibatari cha muuza asali, akatoa biki, akakata neno moja, akaandika jingine juu yake.