Kakati Ndogo ya Mawe ya Ortonville

Mtu akitaja kakati, wengi wetu twawaza jangwa, mchanga na jua kali. Leo twataka kuwapeleka mahali pa namna nyingine: magharibi ya jimbo la Minnesota, huko Marekani, karibu na mji mdogo wa Ortonville, hapo Mto Minnesota unapotoka katika ziwa la Big Stone. Wakati wa baridi ziwa lote huganda, na theluji hufunika nchi. Hata hivyo kakati zamea huko, wala hazikupandwa na watu.

Pande zote ni mashamba ya mahindi na soya. Zamani nchi hii ilikuwa nyasi tupu mpaka upeo wa macho, lakini plau zimezigeuza, hata katika jimbo zima hazikusalia sehemu 2 katika 100. Bondeni plau ilishindwa. Zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, barafu kuu ya kaskazini ilipoyeyuka, mto mkubwa mno ulipita hapo, ukakomba udongo na kuacha wazi migongo ya mawe mekundu. Juu yake udongo ni haba, nyasi ndefu hazipati nafasi, na kakati hupata jua lake.

Basi tupige magoti, maana kwa kusimama hatutaona kitu. Kumbe ziko kakati mbili ndogo, tena majirani! Moja ni Opuntia fragilis, yaani mpungate mdogo. Vipande vyake vifupi vyaweza kuwa vya mviringo, hata mgeni huvidhani vitufe. Lakini ukivigusa kwa kiatu, kimoja hukatika mara na kushikamana nacho. Ndivyo mmea huu unavyosafiri, kwa miguu na manyoya ya wanyama. Penye kila fungu la miiba pana pia vinywele vyenye ndoana, visumbuavyo ngozi kuliko miiba yenyewe. Maua yake ni ya manjano.

Ya pili ndiyo tuitafutayo: Escobaria vivipara. Hii ni kitufe kweli, kimo chake sentimeta chache tu. Mwili wake umejaa vinundu, na juu ya kila kinundu miiba imetawanyika kama nyota. Vinywele vya ndoana haina. Ua lake hutoka kileleni, rangi ya waridi iliyokolea. Thomas Nuttall, Mwingereza mjuzi wa mimea aliyepanda Mto Missouri mwaka 1811, aliieleza mwaka 1813 kwa jina la kuonyesha kwamba yazaa watoto hai, kwa sababu vitufe vichanga huota ubavuni mwa mama yao. Wakati wa baridi hupunguza maji yake na kunywea mpaka ikawa karibu sawa na ardhi.

Huenda msomaji akasema: hata kwetu mbugani ziko kakati, tena ndefu kama miti. La, zile zenye utomvu mweupe kama maziwa ni ukoo mwingine, na utomvu huo ni hatari kwa macho, watoto wasiuchezee. Kakati ya asili barani Afrika ni moja tu, Rhipsalis baccifera, yenye kuning'inia juu ya miti ya msituni kama kamba za kijani.

Turudi mawe yetu. Upande wa magharibi, mpaka Kanada, kakati ya kitufe hupatikana pengi. Lakini katika Minnesota haina makao ila pembe hii ya bonde, na serikali ya jimbo imeiandika kati ya mimea iliyo karibu kutoweka. Wako wanaoing'oa kwa kuipenda (upendo wa ajabu!). Na mawe yenyewe yana bei: kwa mawe ya Ortonville lilijengwa jumba la manispaa ya Minneapolis. Mkaguzi akitumwa kabla ya kupasua mwamba, naye akaandika mpungate, ambao haumo katika orodha ile, nani atazuia baruti? Vinundu na nyota za miiba ndizo ushahidi wote.

Atakaye kuiona aende mwezi wa sita katika hifadhi ya Big Stone, akanyage jiwe tupu, asikanyage kuvu wala udongo. Asiende alfajiri. Ua hungoja jua liwe kali ndipo lifunguke.