Pango la Perama

Katika nchi ya Uyunani, ambayo wengi siku hizi huiita Ugiriki, upande wa kaskazini magharibi, uko mji mdogo jina lake Perama, kando ya ziwa, karibu na mji mkubwa wa Ioannina. Waliosoma habari za zamani hulikumbuka ziwa hilo kwa ajili ya Ali Pasha, aliyeuawa katika kisiwa chake mwaka 1822. Mimi hunivuta zaidi kilima kilicho karibu na nyumba za Perama.

Watu waliishi chini ya kilima hicho wasijue yaliyomo. Hata mwezi wa Oktoba 1940 majeshi ya Italia yakaishambulia nchi, yakitokea Albania, na ndege zikatupa mabomu upande wa Ioannina. Wenyeji wakatafuta mahali pa kujificha, wakaona tundu, wakaingia. Hivyo ndivyo pango lilivyopatikana.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu, mmoja aliuliza, “Mwalimu, mle ndani mlikuwa na taa?” Swali hilo lilinipendeza kuliko yote niliyojiandaa kuyajibu. Taa za umeme zilitiwa baadaye, kwa ajili ya watazamaji. Mama aliyeingia na mtoto mgongoni hakuziona zile nguzo nzuri tuzionazo katika picha.

Na nguzo zenyewe ni kazi ya maji. Mvua ipenyapo udongoni hupata uchachu kidogo, nao huyeyusha jiwe la chokaa. Tone likining’inia darini mwa pango huacha chembe ya chokaa, kisha huanguka na kuacha nyingine chini. Jiwe la juu hushuka, la chini hupanda, hata yakutane baada ya maelfu ya miaka. Baada ya vita Ioannis Petrochilos na mkewe Anna walilichunguza pango hilo, na mifupa ya dubu wa mapangoni, aina iliyokwisha toweka duniani, ilionekana humo.

Sasa wageni hulipa kiingilio, wakaongozwa mwendo wa kilomita moja hivi. Huambiwa wasiguse mawe, kwa kuwa mafuta ya vidole huzuia chokaa isishike tena. Ni amri ya haki. Walakini wale wa mwaka 1940, naamini, walikwenda wakipapasa ukuta kwa mikono yote miwili.