Mipaka ya Kusoma

Ofisini kwangu vimetundikwa vyeti kumi na kimoja. Kimoja kati yake huniaibisha kila nikitazamapo: cheti cha kozi ya wiki sita kuhusu haki za ardhi, niliyoisoma kwa njia ya mtandao.

Mwaka ule shangazi yangu alinipigia simu kutoka Kilimanjaro. Jirani alikuwa ameng'oa masale ya mpakani na kusogeza migomba yake ndani ya kihamba chetu. Shauri lilikuwa limefika Baraza la Ardhi la Kijiji. "Baba, njoo ukae nami siku hiyo," aliniomba. Nikamjibu kwamba nitakuja, ila kwanza nijiandae.

Nikajiandaa kweli. Niliisoma Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, kifungu kwa kifungu. Nikajua kwamba baraza hilo huwa na wajumbe saba, watatu wao wakiwa wanawake, na kwamba kazi yake ni kusuluhisha. Kila andiko nililolimaliza lilinielekeza kwenye jingine. Siku ya shauri ilipowadia, nilikuwa Dar es Salaam nikifanya mtihani wa mwisho wa kozi.

Shangazi alikwenda peke yake, akakubali suluhu iliyompotezea mistari miwili ya migomba. Nilipompigia kumweleza haki zake, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Sheria hiyo walitusomea palepale, baba. Waliuliza nani aliona masale yakipandwa. Aliye hai ni wewe tu."

Ni kweli. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Marehemu baba alichimba, nami nikampa miche. Ushahidi uliotakiwa nilikuwa nao kabla sijafungua kitabu chochote cha sheria. Nilichokuwa nikikikwepa ni uso wa jirani yule, mzee aliyewahi kunichangia ada ya shule. Vitabu vilinipa maficho, tena maficho ya heshima: kila aliyepita mlangoni alimwona mtu mwenye bidii.

Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alikosoa elimu inayomtenga mwanafunzi na jamii yake. Andiko hilo nimelifundisha miaka mingi bila kujitambua ndani yake. Husema elimu haina mwisho, nami naamini hivyo. Lakini shauri lina siku yake, na mwenye kuhitaji msaada ana kikomo cha kungoja.

Ugonjwa huu si wangu peke yangu. Yuko mwanafunzi anayeomba shahada nyingine kwa kuogopa kuanza kazi. Yuko mwanaharakati anayehudhuria semina ya nne kuhusu rushwa, ilhali mla rushwa wa mtaani kwake anamfahamu kwa jina. Ziko ofisi zinazounda kamati ya kuchunguza pampu mbovu, na fundi anakaa nyumba ya pili. Wote hao hujibu kama nilivyojibu mimi: kwanza tujiandae.

Desemba iliyopita nilipanda kijijini. Kwetu, sale halionyeshi mpaka tu. Jani lake pia huombea msamaha. Nilimpelekea shangazi. Alilipokea kwa mikono miwili, akavaa kandambili zake na kusema, "Haya, sasa twende kwa jirani."

Tulikwenda. Nilitembea nyuma yake, mikono mitupu, huku nikiogopa njia nzima.