Mkono wa Kushoto wa Mjomba

Mjomba alipopata kiharusi mwaka juzi, daktari alimwambia ana bahati. Mdomo umepinda kidogo tu, mguu utarudi, mkono wa kulia haukuguswa kabisa. Mjomba akautazama wa kushoto, uliolala juu ya shuka kama kitu kilichosahauliwa na mgeni, akauliza: na huu je? Akaambiwa afanye mazoezi.

Alikuwa amepiga kinanda cha kwaya, Morogoro, kwa miaka 26. Kwa kanisa lisilo na gitaa la besi, mkono wa kushoto wa mpiga kinanda ndio besi. Ukikosekana, kwaya inaelea.

Mimi nilijifunza kwake. Sauti aliyoipenda ni ile ambayo kwenye vinanda vyote tulivyowahi kuwa navyo iliitwa piano ya umeme: inang'aa kama kijiko kikigonga glasi, kisha inayeyuka taratibu. Ukija wimbo wa majonzi, kidole chake kilikwenda kwenye kitufe hicho kabla mwalimu wa kwaya hajainua mkono. Nilikua nikidhani ni sauti iliyozaliwa humo humo ndani ya kinanda, kama mlio wa simu. Sikujua kuwa inaiga kitu kingine.

Kitu chenyewe nilikutana nacho Leeds, nilikokwenda kusoma mwaka mmoja. Kwenye stoo ya idara ya muziki kulikuwa na Rhodes ya miaka ya 70, nzito kama kabati la nguo. Aliyekuwa na ufunguo wa stoo alinifungulia kifuniko nione. Ukibonyeza kibao, nyundo ndogo inapiga kijiti chembamba cha chuma. Kijiti hicho kimefungwa pamoja na upau mnene zaidi, na viwili hivyo vinatetema kama meno ya uma wa sauti, ule ambao walimu wa kwaya huugonga gotini. Mbele ya ncha ya kijiti kuna sumaku iliyozungushiwa waya, kama kwenye gitaa la umeme. Mtetemo unazaa umeme kidogo, umeme unakwenda kwenye amplifaya. Ndivyo inavyofanya kazi. Ukigusa polepole unapata sauti laini, ya mviringo, karibu ya filimbi. Ukipiga kwa nguvu, kijiti kinayumba sana mbele ya sumaku na sauti inakwaruza, inanguruma. Mngurumo huo ndio waliouchezea akina Herbie Hancock.

Nilimpigia Mjomba simu ya video, nikaiegemeza juu ya kifuniko.

“Shikamoo Mjomba. Sikiliza hii.”

“Marahaba.” Akasikiliza wimbo mzima, mmoja wa zetu. Kisha akasema, “Hicho kimeharibika, mjomba. Waambie wakifungue.”

Nilicheka wiki nzima. Baadaye nikaelewa kwamba hakukosea sana. Mwaka 1983 Yamaha walitoa DX7, kinanda ambacho ndani yake hamna kijiti wala rekodi. Sauti zake zilitengenezwa kwa mawimbi mepesi ya kielektroniki, wimbi moja likilitikisa jingine kwa hesabu. Piano yake ya umeme ilikuwa safi na ya kioo kuliko Rhodes yoyote, ikajaa kwenye nyimbo za miaka ile, na vinanda vya bei nafuu vilivyofuata vikaiga sauti za namna hiyo. Mjomba alikuwa ameipenda nakala ya nakala kwa robo karne. Asili ilipomfikia ikamkera masikio.

Baada ya kiharusi tulichangishana, mimi na binamu zangu, tukamnunulia kinanda cha jukwaani, cha mtumba lakini kizuri, chenye vibao 88 vizito. Kina Rhodes ndani, na si ile ya kioo. Watengenezaji wengine huchukua Rhodes halisi na kuirekodi noti kwa noti, mara polepole, mara kwa wastani, mara kwa nguvu. Ukigusa kibao, kinanda kinachagua rekodi inayokaribiana na mguso wako. Rekodi zikiwa chache unasikia mahali zinaporukana, kama daladala likibadilisha gia. Wengine hawarekodi chochote. Wanaandika hesabu za nyundo, kijiti na sumaku, na kompyuta iliyo ndani inazikokotoa upya kila unapobonyeza. Hata uchafu hauachwi: kishindo kidogo cha kibao kikirudi juu, mkwaruzo wa kitambaa kikizima sauti. Chetu kina kipimo cha kuongeza na kupunguza kelele hizo. Wakati ule watu waliwalipa mafundi waziondoe.

Lakini kilichotuhusu sisi kilikuwa chini ya vibao. Kinanda cha dijitali hakipimi nguvu. Kila kibao kina vihisio, na kinachopimwa ni muda kibao kinaoutumia kushuka kutoka kihisio kimoja hadi kingine. Muda ukiwa mfupi, umepiga kwa nguvu. Jibu linakuwa namba, 1 hadi 127, na namba hiyo ndiyo inayoamua upate filimbi au mngurumo. Vidole vya kushoto vya Mjomba vilishuka kama watu wanaoteremka ngazi gizani. Noti nyingine zilinong'ona, nyingine hazikutoka kabisa. Kwenye ile Rhodes ya Leeds mambo yangeishia hapo.

Usiku ule nilikigawa kinanda pande mbili kwenye menyu, upande wa kushoto nikaupa kipimo chake: mguso mwepesi uhesabiwe kuwa mzito. Mjomba akashusha kidole cha mwisho. Kikanguruma. Mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Mjomba hakutabasamu. Akapiga tena, polepole zaidi, huku akinitazama mimi.

“Huyo si mimi,” alisema.

Nikaanza kumweleza. Kwamba hata ile sauti yake ya miaka yote ilikuwa ya kuigiza. Nikamsimulia habari za Harold Rhodes mwenyewe, mwalimu wa piano Mmarekani, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili aliwafundisha askari majeruhi wakiwa vitandani, kwa vinanda vidogo alivyovitengeneza kwa vipande vya alumini vya ndege za B-17. Nilidhani nimemaliza ubishi: chombo hiki kilianzia hospitali, kwa watu kama wewe.

“Na hao majeruhi,” akauliza, “walikuwa wanapiga wenyewe?”

“Wenyewe.”

“Basi.”

Tulikaa kimya hadi chai ikapoa. Mwisho akasema, “Jumapili niwekee hiyo yako, watu wasije wakanihurumia. Siku nyingine iondoe.” Nikahifadhi mipangilio miwili, nikabandika vipande vya plasta juu ya vitufe vyake. Kimoja nikaandika J2, kingine MAZOEZI.

Wiki iliyopita amenitumia rekodi kwenye WhatsApp, dakika tatu, bila neno. Nyuma yake kuna kwaya, mtoto analia, mtu anakohoa, ni ibadani. Ubeti wa pili besi inapotea, inarudi imechelewa, na kwaya inaisubiri. Nimeirudia mara nyingi nikitafuta ule mngurumo wangu. Haumo.